Swali la Uniti Tatu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta, kulia kwake kibanda cha fundi viatu, kushoto kwake saluni ya kinyozi. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi. Fundi, ambaye ameshawashonea viatu nusu ya watu wa mtaa, aliuwekea kipande cha soli chini akasema kesho atautengeneza vizuri, na kesho hiyo sasa ina miaka kumi na moja. Wenye benchi ni watatu. Fundi mwenyewe wanamwita Soli. Kinyozi wanamwita Kipara, kwa kuwa kichwani hana hata unywele mmoja wa kusingizia, na mteja mpya akimwona kwa mara ya kwanza husimama mlangoni kidogo akafikiria upya. Wa tatu ni Mzee Mhuri, karani wa masijala aliyestaafu kazi lakini kazi ikakataa kumstaafu yeye. Mpaka leo anatembea na kalamu ya wino, karatasi za kaboni, na imani kwamba hakuna jambo lisilotengenezeka kwa barua yenye nakala tatu. Pembeni, kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, hukaa mwanamke wa miaka arobaini na mbili anayewauzia kahawa. Huyo ndiye Birika, na hii ni habari yake.

Siku hiyo Birika alifika amechelewa, akawasha jiko bila kumwamkia mtu. Hilo peke yake lilitosha kuwatia wasiwasi, maana kwa kawaida yeye huwaamkia mmoja mmoja, na asipomwamkia Mzee Mhuri kwanza, mzee hununa mpaka adhuhuri. Alipokwisha kuteleka kahawa alitoa fomu mkobani, akaiweka juu ya benchi, akaikalisha kwa kikombe isipeperuke.

Hao watatu waliijua ile fomu kama wanavyoijua njia ya kwao. Birika alikuwa mwaka wa sita anasoma sosholojia katika chuo kilichoko ng'ambo ya barabara, asubuhi kahawa, jioni darasani. Mwanafunzi wa jioni hupewa miaka sita, na haiongezwi hata siku. Akimaliza ndani ya hiyo, anapata shahada. Asipomaliza, yote aliyosoma yanafutwa, aanze upya kama hajawahi kushika kalamu. Kwake ulibaki muhula mmoja tu. Wiki iliyopita alijaza mpango wake wa mwisho wa masomo, na asubuhi hiyo dirisha la usajili lilimrudishia ukiwa na wino mwekundu: zinatakiwa uniti mia na ishirini, zilizopo ni mia na kumi na saba, rekebisha na urudishe leo kabla ya saa kumi alasiri. Alijaribu kumwona mshauri wake wa masomo, lakini mlango wake ulikuwa na foleni ya watu wenye wino mwekundu wenzake mpaka kwenye ngazi.

— Nimehesabu mara saba, alisema Birika. — Kila nikihesabu napata mia na ishirini.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kipara. — Hesabu polepole.

— Dirisha linafungwa saa kumi, Kipara.

— Ndiyo maana nakwambia. Ukifanya haraka utafika kabla hawajafunga, halafu iweje?

Hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa faraja au nini, na Mzee Mhuri alimtazama kwa jicho la masijala, lile la kuonyesha kwamba faili limerudishwa kwa mwombaji.

Soli aliuliza masomo ni mangapi. Arobaini, akaambiwa, kila moja uniti tatu: thelathini na sita ameshayasoma, manne ni ya muhula huu wa mwisho. Fundi akainuka, akaingia kibandani, akatoka na lile gunia lake la soli zilizochakaa. Huyu bwana haamini hesabu ya namba. Tangu aanze kazi anahesabu kwa kupandanisha, maana kwake kiatu hakitoki kibandani mpaka kimeonana na mwenzake. Alichagua soli thelathini na sita, akachukua chaki yake ya kuchorea ngozi, akamwambia Birika ataje.

Birika akataja, Soli akaandika somo moja juu ya kila soli, akazipanga chini kwenye saruji, kila muhula safu yake. Utangulizi wa Sosholojia. Familia na Ukoo. Sosholojia ya Kazi. Utabaka. Takwimu. Nadharia ya Kwanza. Wapita njia walianza kuzunguka ili wasizikanyage. Mama mmoja aliuliza kama kuna mtu amekufa, Kipara akamjibu kwamba la, ni elimu.

Kisha Mzee Mhuri akavaa miwani, akasoma karatasi ya matokeo mstari kwa mstari. Kila lilipotajwa somo alilofaulu, Soli aliipata soli yake na kuigeuza kifudifudi. Familia na Ukoo, amefaulu, ikageuzwa. Utabaka, amefaulu, ikageuzwa. Walipofika mwisho wa karatasi, zilikuwa zimegeuka thelathini na tano, na moja ilibaki imewatazama.

— Hii haina mwenzake, alisema Soli, akaiokota. — Takwimu.

— Takwimu si umeshaigeuza? aliuliza Mzee Mhuri.

— Nimegeuza Takwimu moja. Hapa zilikuwa mbili. Birika, ulisoma Takwimu ngapi?

Birika akafunika uso kwa kanga. Alikuwa ameisoma mara mbili. Mwaka wa pili alifanya mtihani wa Takwimu siku nne baada ya kumzika mama yake, akashindwa, akairudia mwaka uliofuata. Katika orodha yake aliiandika kote kuwili, kwa sababu kote kuwili aliisoma, na ile ya kwanza ilikuwa imemgharimu zaidi.

— Sasa kosa liko wapi? aliuliza Kipara. — Kaisoma mara mbili, wampe mara mbili. Mimi nikimnyoa mtu vibaya nikamnyoa tena, nimenyoa mara mbili.

— Mara mbili, alisema Mzee Mhuri, — lakini kichwa ni kimoja.

Hiyo Takwimu ya mguu mmoja ikawekwa juu ya benchi peke yake.

Birika aliitazama akaukumbuka mwaka ule wa kurudia. Hawa watu ndio waliomfundisha, tena wao wenyewe walikuwa hawaijui. Kipara alihesabu vichwa vilivyoingia saluni kila siku kwa miezi miwili ili apatikane wastani. Soli alipima urefu wa kila kiatu kilicholetwa, akauandika ukutani kwa chaki, na namba zake mpaka leo zipo nyuma ya mlango. Mzee Mhuri alichora majedwali kwa rula, mistari myekundu chini ya jumla, na alipoelezwa mkengeuko ni nini alisema hilo neno halifai kutamkwa mbele ya watu wenye heshima zao. Birika alifaulu kwa alama ambayo hakuwahi kuipata katika somo jingine lolote. Siku ile ya matokeo alitaka kuwashukuru, akashindwa pa kuanzia, akawamiminia kahawa.

Basi. Pengo lilikuwa limejulikana, sasa litafutiwe kiraka. Mzee Mhuri alifungua kijitabu cha masharti ya shahada, akakohoa kama anayesoma wasia.

— Masharti, alisema Kipara. — Nilijua tu. Chochote chenye masharti kina mganga nyuma yake.

Masomo ya hiari yaliyobaki kwa wanafunzi wa jioni yalikuwa matatu. La kwanza Sosholojia ya Afya, Jumanne saa kumi na moja. Lakini Jumanne saa kumi na moja Birika alikuwa na Nadharia za Kisasa, na hilo ni la lazima. Kipara akashauri akae mlangoni katikati ya vyumba viwili, sikio moja huku, sikio moja kule.

— Mshika mbili moja humponyoka, alisema Mzee Mhuri.

— Sawa. Si anabaki na moja? Yeye anataka mangapi?

La pili lilikuwa Idadi ya Watu na Uhamaji. Hilo lilikuwa na nyota ndogo, na nyota ilieleza chini ya ukurasa kwamba lina sharti la awali. Birika akawaeleza: kuna somo jingine lazima ulisome kwanza, na hakuwa amelisoma.

— Hapana, dada, alisema Kipara. — Sharti la awali linajulikana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga wamelitaja kabisa: kuinama. Nenda pale dirishani, inama, utapewa.

— Dirisha lile liko juu, alisema Birika, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alicheka. — Ukiinama hawakuoni.

Likabaki la tatu. Utafiti wa Uwandani, uniti tatu, halina saa za darasani. Mwanafunzi hukaa na kundi moja la watu muhula mzima, anatazama, anasikiliza, anaandika ripoti. Nalo lilikuwa na masharti yake matatu. Kwanza, awe amefaulu Takwimu. Soli aliiokota ile soli ya peke yake, akaipangusa vumbi kwa mkono, akairudisha juu ya benchi kwa adabu. Pili, awe na barua ya kundi lililokubali kumpokea. Tatu, awe na swali la utafiti: sentensi moja, nyepesi, ambayo jibu lake halijulikani kwa mtafiti wala kwa kundi lenyewe.

— Kundi lipo, alisema Soli. — Si sisi hapa?

Birika aliwatazama. Alisema si lazima, wana kazi zao. Soli akamwuliza kazi gani.

Barua ilianza kuandikwa saa tano na ikamalizika saa sita na nusu, kwa sababu Mzee Mhuri hakubali barua isiyo na vyeo vya watia saini. Kipara alidai uenyekiti. Yeye ndiye mwenye kiti, alisema, tena kiti kinachozunguka; nani mwingine hapa ana kiti? Soli akasema benchi ni lake. Kipara akamjibu kwamba basi yeye ni mwenyebenchi, na hicho pia ni cheo kizuri. Mzee Mhuri akajiandika Katibu bila kumwuliza mtu. Akaandika "Yah:" akaipigia mistari miwili chini, akaeleza kwamba kundi limempokea mtajwa kwa moyo mmoja, akatoa nakala tatu: moja ya chuo, moja ya kundi, na moja, alisema, ya historia.

Likabaki swali.

Mtu asiyewajua hawa angedhani swali ndilo jepesi. Lakini tatizo la kijiwe kile, kama lilivyo la vijiwe vyote, ni kwamba hapakuwahi kukosekana jibu. Kwa miaka kumi na moja hakuna kitu kilichoulizwa pale kikaondoka bila kujibiwa, na mara nyingi majibu yalifika kabla ya maswali. Soli alianza. Mtafiti aulize, kwa nini soli ya mguu mmoja huisha kabla ya mwenzake? Birika alikuwa ameshaanza kuandika, Mzee Mhuri akamzuia mkono.

— Fundi, jibu lake unalijua?

— Jibu nalijua vizuri sana. Mguu unaotangulia ndio wenye woga. Mtu mwoga akisikia kitu hutanguliza mguu wa kukimbilia. Nikishika kiatu nakwambia mwenyewe anamwogopa nani, na kama ni kisigino cha ndani, nakwambia ndoa yake itafika wapi. Kuna bwana mmoja nilimrudishia viatu vyake bila kuvishona. Niliona ataondoka mjini kabla ya Ijumaa, na kweli, Ijumaa hatukumwona.

— Labda alikwenda kutafuta fundi mwingine, alisema Birika, akalikata lile swali kwa mstari.

Kipara akashika zamu. Lake lilikuwa kwa nini watu hufumba macho wakinyolewa. Akaulizwa kama jibu analo, akasema analo tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, wahenga hawakusema hivyo kwa utani. Mawazo hukaa kwenye nywele. Ukimkata mtu nywele, anafumba macho asione mawazo yake yakidondoka sakafuni. Yeye kila jioni anafagia pale ndani mawazo ya mtaa mzima, na kama angekuwa mtu mbaya angeyatumia. Siku moja, akasema, wakubwa wote wa dunia wanyolewe asubuhi moja, chumba kimoja, na kinyozi mmoja, uone kama kutakuwa na vita tena mpaka nywele ziote.

— Na wewe uliyenyolewa moja kwa moja? aliuliza Soli.

— Mimi nimepumzika.

Mzee Mhuri alisubiri wamalize, akafunga kalamu, akasema kwa sauti ya chini kwamba swali la kweli ni moja: kwa nini mambo huchelewa? Na jibu, kwa bahati mbaya, analo. Mwaka alioajiriwa iliingia barua moja masijala, bahasha ya kaki, ikaandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, na haikuwahi kujibiwa. Barua zote zilizofuata zilisimama nyuma yake. Vibali, mishahara, vyeti, hata mvua, akasema, mvua nayo ni jambo linalopangwa, imo kwenye foleni hiyohiyo. Kabati analijua, rafu anaijua. Angeijibu mwenyewe barua ile kabla ya kustaafu, ila hakuwa na kibali, na kibali kiko kwenye foleni.

Birika alikuwa ameshakata mistari mitatu. Saa nane ikapita. Kahawa ikaisha, na hakuna aliyeuliza nyingine. Wateja wa Kipara wawili walichungulia, wakamwona mwenyekiti yuko kikaoni, wakaenda zao. Kila swali lililotolewa lilikuwa limeshajibiwa, tena kwa kiapo. Ilipofika saa tisa kasoro robo, Birika aliifunga fomu na kuipiga vumbi ambalo halikuwepo.

— Hata likiishia hapa, alisema, — mimi nimeshukuru. Nasema kweli kabisa. Vitabu vyangu vimelala kwenye sanduku la Fundi miaka sita, havijanyeshewa hata siku moja. Kipara, mbele ya kioo chako ndipo nilipojifunza kusimama nikaongea darasani bila kutetemeka. Mzee, kila barua niliyoandika chuoni ilipita mkononi mwako. Sikuwahi kuwaambia. Nawaambia leo. Sijasoma peke yangu hata somo moja.

Hakuna aliyemtazama. Kipara aligeukia saluni yake akatazama taulo. Mzee Mhuri alifuta miwani, akaifuta tena.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema Kipara baadaye. — Usitusifu, dada. Tutakuharibia.

— Shukrani za safari hutolewa mwisho wa safari, alisema Soli. — Bado saa nzima. Kaa hapo.

Ndipo akaja nesi. Alikuwa na sare yake ya kazi, anachechemea, mkono mmoja umeshika kandambili la ngozi lililokatika mkanda. Alisema amehamishiwa hospitali ya hapo wiki hii, na mtu wa getini amemwelekeza kwa fundi. Soli alimvutia gazeti la kuwekea mguu, akachukua sindano na uzi wa nta, akaanza kushona. Nesi akakaa ukingoni mwa benchi na mguu wake mtupu juu ya gazeti. Birika alimwomba radhi kwamba kahawa imekwisha, naye akasema hakuna neno.

Alikuwa mtu mtaratibu, wa kutazama kabla ya kusema. Aliona soli thelathini na tano zimelala kifudifudi kwa safu kama wagonjwa wodini, na moja pembeni. Aliona nakala tatu za barua zikikauka wino, kila moja imekalishwa na kikombe kikavu. Aliona kinyozi hanyoi, karani hana ofisi, muuza kahawa hana kahawa. Akatazama juu, akatazama chini, akauliza kwa heshima:

— Samahani, mimi mgeni hapa. Ninyi huwa mnakaa hapa mnafanya nini?

Soli alifungua mdomo. Alitaka kusema wanashona, lakini anayeshona ni yeye peke yake, na sindano ilikuwa imesimama katikati ya ngozi.

— Tunakunywa kahawa, alisema Kipara, halafu akaangalia vikombe. Kahawa ilikuwa imekwisha tangu saa nane na hakuna aliyeondoka.

— Tunazungumza, alisema Mzee Mhuri.

— Kuhusu nini? aliuliza nesi.

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa kumbukumbu, na ukimwambia mwaka na mwezi angekutajia namba ya jalada. Akatafuta na kutafuta. Miaka kumi na moja, kila siku isipokuwa ya mvua kubwa, na nyingine hata ya mvua kubwa. Alipokwisha kutafuta alitikisa kichwa.

Pakawa kimya, na kimya chenyewe hakikuwa cha kununiana. Walikuwa wamekwama kwelikweli, wote watatu, macho chini kwenye zile soli. Birika mwenyewe alikuwa amekaa pale miaka yote hiyo akiwamiminia, na alikuwa hajui. Alijua wamemfanyia nini yeye. Lakini wao, wakiwa wamekaa tu, mguu wa benchi ukiwa mfupi, wanafanya nini hasa? Akaifungua fomu taratibu, akaomba kalamu ya Mzee, akaandika kwenye mstari uliobaki wazi: Watu wa benchi hili hukaa hapa wakifanya nini?

Aliwasomea. Ilikuwa sentensi moja, nyepesi. Mtafiti halijui jibu. Kundi halilijui.

— Ngoja, alisema Kipara, uso wake ukianza kung'aa. — Ngoja, nimelipata. Sisi hapa huwa—

Soli alimziba mdomo kwa kiganja chenye nta.

— Nyamaza, alisema. — Ukilijibu, uniti tatu zimekwenda.

Kipara alitoa macho juu ya kile kiganja, akaelewa. Akameza jibu lake zimazima, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Mzee Mhuri naye, ambaye midomo ilikuwa imeshaanza kujipanga, aliikunja. Nesi aliuliza kama amesema jambo baya. Birika alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia Mungu amjalie kila la heri katika kazi yake mpya, kisha akakusanya fomu na nakala ya chuo, akavuka barabara akikimbia, kanga moja inamponyoka begani.

Foleni ya ngazini ilikuwa imepungua. Mshauri wake wa masomo, mama mwenye mvi na sauti iliyochoka tangu asubuhi, alisoma barua ya Katibu mpaka mwisho bila kucheka, ingawa kwenye cheo cha Mwenyebenchi alisimama kidogo. Akalisoma swali. Akauliza kama ana hakika kundi lenyewe halilijui jibu.

— Waliulizwa mbele yangu, alisema Birika. — Walinyamaza.

— Wote?

— Wote watatu, mama. Na hawajawahi kunyamaza.

Mshauri alitia saini, Birika akaikimbiza fomu dirishani, na karani wa usajili akaigonga mhuri. Uniti mia na ishirini. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Aliporudi kijiweni nesi alikuwa ameshaondoka na kandambili lake zima. Soli alikuwa anapiga msumari kwa adabu isiyo ya kawaida. Kipara alikuwa amepata mteja, anamnyoa bila kutamka neno, na mteja amekodoa macho kwenye kioo, ana wasiwasi ameudhi nini. Mzee Mhuri alikuwa amekaa wima, midomo imekunjwa vilevile kama alivyomwacha. Birika alinyanyua fomu, waone mhuri. Hakuna aliyesema kitu, lakini Mzee aliukagua mhuri kwa karibu, akauona umegongwa sawasawa, haukupinda, na machozi yakamtoka.

— Sasa ruksa? aliuliza Soli kwa mnong'ono.

— Bado. Mpaka nimalize ripoti. Muhula mzima.

— Miezi minne? Kipara alitokeza kichwa saluni, mashine ya kunyolea mkononi. — Dada, nitapasuka.

Lakini akarudi ndani, na kweli hakujibu.

Jiko lilikuwa limezimika, kigoda kimeshapinduliwa juu yake, na Birika hakuwa na pa kukaa. Soli aliliona hilo. Akajisogeza kidogo upande wa kibanda, na Mzee Mhuri akajisogeza upande wa saluni, benchi likayumba kwenye ule mguu wake mfupi likatulia. Birika akakaa katikati yao. Alitoa daftari jipya mkobani, akaandika tarehe, akaandika saa. Akawatazama kushoto na kulia, wamefunga midomo wanatazama barabara, kisha akainama akaandika mstari wake wa kwanza wa uwandani: Wamenisogezea nafasi.